Sumu Iandikwe Kwenye Hati ya Ardhi

Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya iliirudisha fidia ya shilingi bilioni 1.3 ambayo wakazi wa Owino Uhuru, mtaa wa mabanda ulioko Mikindani, Mombasa, walipewa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi Julai 2020, kisha wakaipoteza katika Mahakama ya Rufani Juni 2023. Waliolifuatilia shauri hilo tangu 2016 walikuwa na haki ya kushangilia. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichopakana na nyumba zao kilifungwa 2014, baada ya kampeni ndefu iliyoongozwa na Phyllis Omido, mfanyakazi wake wa zamani, ambaye 2015 alitunukiwa Tuzo ya Goldman. Lakini hukumu ya fidia hujibu nani amedhuriwa na nani alipe. Haijibu ardhi yenyewe ina nini, kwa kiasi gani, kwa kina gani, wala nani atakuwa na habari hiyo miaka 20 ijayo kiwanja kitakapouzwa kwa mtu asiyewahi kusikia jina la Owino Uhuru. Ninachodai katika safu hii ni kwamba tumelipanga jambo hili kinyumenyume. Tunashtaki kwanza, tunalipana fidia, tunagombania usafishaji, na kupima udongo kunakuja mwisho kama ushahidi wa kesi. Kupima kungepaswa kuwa kwanza, na matokeo yake yaandikwe katika sajili ya ardhi, yafuatane na kiwanja popote kitakapokwenda.

Anza na tabia ya sumu yenyewe. Mafuta yakimwagika ardhini, vijidudu vya udongo huyala taratibu, na baada ya miaka sehemu kubwa inaweza kutoweka. Madini ya risasi hayaozi wala hayaliwi na chochote. Vumbi lake likishatua hujishika kwenye chembe za udongo, aghalabu katika sentimita chache za juu, pale pale watoto wanapochezea gololi, kuku wanapochakura na mama anapofagia uwanja kila asubuhi. Katika damu, nusu ya risasi huondoka kwa muda wa takriban mwezi mmoja, ingawa ile iliyoingia mifupani hukaa miongo. Kwa sababu hiyo kipimo cha damu hueleza zaidi yaliyotokea wiki chache zilizopita, wakati kipimo cha udongo kinaeleza yatakayotokea iwapo hakuna litakalofanyika. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Anayesubiri damu za watoto zithibitishe kwamba ardhi ni chafu anawatumia watoto hao kama vifaa vya maabara.

Utafiti uliochapishwa 2018 uliwalinganisha watoto wa Owino Uhuru na wale wa Bangladesh, mtaa mwingine wa mabanda wa Mombasa. Wastani wa risasi katika damu ulikuwa mikrogramu 7.4 kwa desilita Owino Uhuru, na 3.7 Bangladesh. Katika udongo tofauti ilikuwa kubwa zaidi: miligramu 146.5 kwa kilo dhidi ya 11.5. Sasa chukua hiyo namba 146.5 uizungushe katika sheria za nchi mbalimbali. Kwa miaka mingi Shirika la Mazingira la Marekani lilitumia miligramu 400 kama mpaka wa kutia shaka udongo wa makazi, na Januari 2024 likaushusha hadi 200. Kwa mpaka wowote kati ya hiyo miwili, wastani wa Owino Uhuru unapita mtihani. Viwango vya Afrika Kusini vya 2014 vinaweka miligramu 230 kwa makazi ya kawaida, na hapo pia unapita. Lakini Waafrika Kusini walifanya jambo ambalo wengine hawakulifikiria: waliweka mpaka wa pekee kwa makazi yasiyo rasmi, miligramu 110, mkali kuliko ule wa mitaa ya kawaida. Sababu yake inaeleweka na yeyote anayeijua mitaa hiyo. Pasipo sakafu ya saruji, pasipo lami wala nyasi, pakiwa na mboga zilizopandwa nyuma ya bafu, mtu anaula udongo mwingi zaidi. Kwa mpaka huo Owino Uhuru inaanguka. Udongo ni ule ule na watoto ni wale wale. Kilichobadilika ni kama aliyetunga kiwango alikuwa na mtoto wa banda akilini au mtoto wa nyumba yenye bustani.

Kuna hila nyingine ndani ya namba hiyo. Wastani uliotumika ni wa aina inayozuia vipimo vichache vikubwa visivute matokeo yote juu, na ni njia halali ya kitakwimu. Hata hivyo matokeo yenyewe yalitawanyika kutoka miligramu chache hadi maelfu. Moshi wa tanuri hauangukii kila mahali sawasawa. Unafuata upepo, unatua juu ya mabati, unaoshwa na mvua hadi chini ya michirizi ya paa, na maji machafu hufuata mfereji aliouchimba mtu bila kufikiria sumu. Familia haiishi juu ya wastani wa mtaa. Inaishi juu ya mita zake chache za mraba, na mita hizo ama zina miligramu 20 ama zina 2,000. Hapa ndipo tathmini nzuri inapotengana na ile ya kujaza faili. Anayeijua kazi huanza kabla ya kugusa koleo: hukusanya ramani za zamani, picha za angani, leseni na kumbukumbu za wafanyakazi, apate kujua tanuri lilisimama wapi, asidi ya betri ilimwagwa wapi, magunia ya majivu yalilala wapi. Kisha hujiuliza mambo matatu: sumu iko wapi, inapita njia gani, inamfikia nani. Ikikosekana njia, au akikosekana wa kufikiwa, sumu ipo lakini madhara hayapo. Baada ya hapo ndipo huchota sampuli kwa vina mbalimbali, na kifaa cha mkononi cha miale ya eksi humwonyesha kiasi cha risasi papo hapo, maabara ikibaki na kazi ya kuhakiki. Kuchota sampuli tano karibu na lango na kuandika ripoti ya kurasa 90 ni mchezo wa kuigiza.

Kwa nini matokeo hayo yakae kwenye sajili ya ardhi, badala ya kubaki kwenye faili la mamlaka ya mazingira au la mahakama? Kwa sababu ardhi ndiyo pekee isiyokimbia. Tazama jinsi hukumu ya 2020 ilivyogawa lawama: kampuni iliyoendesha kiwanda ilibebeshwa asilimia 25, kampuni iliyokuwa na kiwanja na kukikodisha asilimia 5, na sehemu kubwa ikaziangukia taasisi za umma, mamlaka ya taifa ya mazingira, NEMA, peke yake ikichukua asilimia 40 kwa kuzembea usimamizi. Kwa maneno mengine, mzigo mkubwa ulimrudia mlipa kodi. Kampuni inaweza kufilisika, kubadili jina, kuhamisha mitambo au kufutwa katika daftari la makampuni. Afisa aliyetia saini leseni hustaafu. Kiwanja kinabaki Mikindani, na eneo zima la kutoka Changamwe hadi Miritini linazidi kupanda thamani kwa sababu ya bandari, reli na barabara mpya. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichoanza 1963, kiliacha kusafisha mafuta 2013. Jaa la Kibarani limefungwa na kupandwa miti. Maghala, karakana na yadi za vyuma chakavu hubadilisha wenyewe kila mwaka. Sisemi kwamba kila kimojawapo ni sumu, na ndiyo maana ya kupima: asiyepima hana haki ya kusema ni kichafu, wala haki ya kusema ni safi.

Utaratibu ninaoutetea ni mfupi. Kila kiwanda cha aina hatari, yaani kuyeyusha betri na vyuma, kutengeneza ngozi, kuhifadhi mafuta, kuchanganya dawa za wadudu, kipimiwe udongo siku kinapopewa leseni na siku kinapofunga. Tofauti kati ya vipimo viwili ni deni la aliyekitumia kiwanja, na hakuna wakili atakayeweza kudai kwamba mteja wake aliukuta uchafu huo. Matokeo yaandikwe kama zuio kwenye rejista ya kiwanja hadi usafishaji utakapothibitishwa, na hata hapo maelezo ya kilichobaki chini yasifutwe. Kenya haihitaji kuanza na karatasi tupu. Sheria ya mazingira ya 1999 ina kifungu cha amri ya kurejesha mazingira. Inaruhusu mahakama kuweka masharti ya kimazingira juu ya kipande cha ardhi, masharti yanayosajiliwa na kumfunga mwenye kiwanja wa baadaye. Inaunda Mfuko wa Taifa wa Kurejesha Mazingira kwa ajili ya uharibifu ambao mwenyewe hajulikani, au ambao mazingira yake ya kipekee yanailazimu mamlaka kuingilia kati, na inazungumzia hata dhamana ya fedha ambayo mwenye shughuli hatari anaweza kutakiwa kuiweka. Zana zipo ghalani. Kinachokosekana ni uzi wa kuunganisha maabara ya udongo, mamlaka ya leseni na ofisi ya msajili wa ardhi, ofisi tatu ambazo kila moja hudhani nyingine ndiyo inayojua.

Mpinzani wa kwanza atasema maandishi hayazuii kitu, na ana mfano mzito. 1953 kampuni ya Hooker Chemical iliiuzia bodi ya shule ya mji wa Niagara Falls, Marekani, kiwanja cha Love Canal kwa dola 1. Chini yake zilizikwa takriban tani 20,000 za taka za kemikali, na hati ya mauzo ilisema wazi kwamba kemikali zimo na kwamba muuzaji hatawajibika. Shule ikajengwa. Nyumba zikafuata. 1978 hali ya hatari ilitangazwa na familia zikahamishwa. Onyo lilikuwepo kwenye karatasi, na halikumsaidia mtu. Lakini soma vizuri karatasi ile ilimhudumia nani: iliandikwa ili kumlinda muuzaji. Ilikaa kati ya pande mbili za mauzo, na aliyenunua nyumba yake kando ya kiwanja kile hakuoneshwa. Somo ninalolipata hapo ni tofauti na la mpinzani. Onyo la siri kati ya watu wawili ni kinga ya mwenye hatia. Onyo lililo kwenye rejista ya umma, linalotokea kila benki inapofanya upekuzi kabla ya kukopesha na kila mbunifu anapoomba kibali cha ujenzi, linafanya kazi nyingine kabisa. Na Love Canal ndiyo iliyozaa sheria ya Marekani ya 1980 inayoiruhusu serikali kusafisha kwanza, kisha kumdai mchafuzi, mwenye ardhi wa sasa akiwemo. Wanaohofia kwamba serikali ikitangulia kulipa mchafuzi ataponyoka wana jibu lao hapo: atakayelipa mwishoni anaweza kutafutwa kwa miaka kumi mahakamani bila mtoto kulala juu ya udongo ule kwa miaka hiyo kumi.

Pingamizi la pili hutoka kwa wenye viwanja, nalo ni la kweli: rejista itashusha bei. Uingereza iliwahi kupitisha mpango wa rejista za ardhi zilizowahi kutumika kwa shughuli zenye uwezekano wa kuchafua, katika sheria ya mazingira ya 1990, na 1993 serikali ikaufuta kabla haujaanza kwa sababu wenye mali na wajenzi walilalamika kwamba viwanja vitatiwa doa kwa historia tu, hata kama ni safi. Lalamiko lao lilikuwa na haki upande mmoja. Kuorodhesha kiwanja kwa tetesi ni dhuluma, na kwa hiyo kinachoandikwa kiwe kipimo, si shaka. Ujerumani, ambayo sheria yake ya kulinda udongo ilianza kutumika 1999, hutenganisha eneo linaloshukiwa na eneo lililothibitishwa, na kila hatua ina masharti yake. Kuhusu bei, ikumbukwe kwamba kiwanja kichafu tayari kimepungua thamani. Ambacho hakijaamuliwa ni nani atakayeubeba upungufu huo, aliyechuma faida ya kiwanda au yule anayenunua bila kujua kwa pesa za mkopo wa SACCO. Ukosefu wa rejista haufuti hasara. Unaihamisha kutoka kwa anayejua kwenda kwa asiyejua.

Kisha kuna gharama, na hapa lazima tukae kidogo, kwa sababu ndiyo kauli inayofunga mjadala katika kila ofisi ya kaunti. Watu husikia usafishaji wa ardhi wakafikiri Bonde la Ruhr, Ujerumani. Huko jimbo la Nordrhein-Westfalen lilianzisha 1980 mfuko wa kununua viwanja vya migodi na viwanda vilivyotelekezwa, kuvichunguza, kuvisafisha na kuviuza tena. Huko Dortmund, mahali pa kiwanda cha chuma cha Phoenix-Ost kilichofungwa 2001, lilianza kujazwa ziwa la hekta 24 mwaka 2010, na kando yake zikapanda nyumba za bei ambayo mfua chuma wa zamani hawezi kuigusa. Ni kazi ya kustaajabisha, nasi hatuna fedha hizo. Lakini mji mwingine wa bonde hilo, Duisburg, una fundisho lililo karibu nasi zaidi. Bustani ya Landschaftspark, iliyochorwa na Peter Latz juu ya kiwanda cha chuma kilichofungwa 1985, haikuchimba kila kitu. Sehemu ya udongo mbaya ilifungiwa ndani ya mahandaki ya zege ya kiwanda chenyewe, matanuri yakaachwa yasimame, na watu wakaelekezwa pa kupita. Waliamua kwa kufuata njia ya sumu na mtu wa kufikiwa nayo, badala ya kutamani ardhi bikira. Uamuzi wa namna hiyo hauwezekani bila vipimo vya kina, na ndiyo sababu nasema kupima si gharama ya ziada. Kupima ndiko kunakopunguza kiasi cha udongo utakaolazimika kubebwa.

Mfano wa karibu zaidi ni Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, ambako 2010 mamia ya watoto walikufa kwa risasi iliyotokana na kusaga mawe ya dhahabu majumbani. Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa na dawa ya kuitoa risasi mwilini, lakini walishikilia kwamba matibabu yangeanza tu kwa watoto ambao nyumba zao zimesafishwa, kwa sababu kumtibu mtoto na kumrudisha kwenye vumbi lile lile ni kazi bure. Vijiji 7 vikasafishwa katika awamu za mwanzo, na kijiji cha Bagega 2013, sehemu kubwa ikifanywa na wanakijiji wenyewe waliofunzwa kazi: kupima, kukwangua udongo wa juu, kuuzika mahali palipotengwa, kuleta udongo safi. Ukilinganisha na Owino Uhuru utaona kinachonisumbua. Kule kusafisha kulitangulia kwa sababu daktari alikataa kubadili mpangilio. Mombasa hukumu ya 2020 iliwapa wadaiwa miezi 4 kusafisha, la sivyo walipe shilingi milioni 700 kwa kazi hiyo, na baada ya hapo mawakili wakaendelea kupanda ngazi za mahakama miaka minne na ushei. Kabwe, nchini Zambia, mgodi wa risasi ulifungwa 1994 baada ya takriban miaka 90, miradi miwili ya fedha za Benki ya Dunia imepita humo tangu 2003, na bado watu wanaishi kando ya marundo ya taka zake. Fedha bila mpangilio nazo hazitoshi.

Nikiwa mkweli kwa upande wangu, usafishaji wa haraka bila tathmini unaweza kuwa mbaya kuliko kutogusa. Mji wa Corby, Uingereza, ulipoteza kiwanda chake cha chuma 1980, na halmashauri ikajitahidi kusafisha eneo hilo upesi ili lilete ajira mpya. Kati ya 1985 na 1997 malori yalibeba tope na vumbi lenye sumu kupitia barabara za mji. 2009 Mahakama Kuu ilikuta kwamba halmashauri ilizembea, na kwamba uchafu huo ungeweza kusababisha ulemavu wa viungo kwa watoto waliozaliwa wakati huo. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu wenye haraka, waliokuwa na kandarasi za kutimiza na mji usio na kazi. Yeyote atakayeshinda zabuni ya kusafisha Mikindani, na anayepanga kuanza kwa kuleta tingatinga, aisome hukumu hiyo kwanza.

Pingamizi ninaloliogopa zaidi halitoki kwa matajiri. Wakazi wa Owino Uhuru, takriban 3,000, kama wengi wa mitaa ya mabanda ya Pwani, wanaishi kwenye ardhi ambayo umiliki wao haujakamilika kisheria. Watakachouliza ni hiki: mkishaandika kwamba hapa pana sumu, si mtakuwa mmempa mwenye hati sababu nzuri ya kutufukuza, asafishe, ajenge maghorofa? Historia ya uhamishaji katika mji huu haimruhusu mtu kulicheka swali hilo. Rejista ya sumu iliyoandikwa juu ya hati ya mtu mwingine inaweza kweli kugeuka silaha dhidi ya asiye na hati. Jibu langu ni kwamba maandishi hayo lazima yabebe mambo mawili kwa pamoja: hali ya udongo, na nani alikuwa anaishi juu yake siku ulipopimwa. Orodha ya kaya iwe sehemu ya tathmini, na haki ya kurudi baada ya usafishaji iwe sharti la kuondoa zuio. Kama kaya hazijarudi au hazijalipwa, zuio linabaki na kiwanja hakiuziki. Mwenye hati akitaka faida ya ardhi safi, apitie kwa waliolipa gharama ya ardhi chafu. Hili ni gumu kuliko lote nililolitaja, na sheria iliyopo haitafika huko bila kurekebishwa, kwa sababu msajili wa ardhi amezoea kuandika majina ya wenye mali, benki na mahakama, na hajazoea kuandika majina ya wapangaji wa vyumba vya mabati.

Mahali pa kuanzia ni penye leseni, na si lazima kungoja sheria mpya. Betri za sola, za bodaboda na za magari zinazidi kuongezeka, na risasi yake itayeyushwa mahali fulani, katika kiwanda chenye kichujio cha moshi au katika sufuria nyuma ya karakana. Mamlaka inayotoa au kuhuisha leseni ya kiwanda cha namna hiyo inaweza kudai ripoti ya vipimo vya udongo wa ndani ya uzio na wa nje ya uzio, ikiambatana na namba ya kiwanja, na kupeleka nakala kwa msajili wa ardhi siku hiyo hiyo. Nje ya uzio ndiyo muhimu zaidi, maana ndani kuna wafanyakazi wenye glavu, na nje kuna watoto.